Kwa Mkono wa Mwenye Duka, Mombo

Mpwa wangu anafanya kazi benki hapa Dar es Salaam. Wiki iliyopita alikuja kuniambia kwamba yeye na wenzake wanakwenda Lushoto kupumzika sikukuu ya Pasaka. Akanifungulia simu nione: kitanda cheupe, dirisha refu kutoka sakafuni hadi darini, na nje ya dirisha bonde limejaa ukungu. Nikamwuliza watafikia kwa nani. "Mjomba, tumeshalipia," akasema. Nikamwuliza kama anajua kwamba bibi yake, mama yetu sisi, alizaliwa kwenye milima hiyo hiyo, upande wa Soni. Hakujua. Siku zote alidhani sisi ni watu wa Tanga mjini.

Hilo la bibi ningeweza kulimeza. Iliyoniudhi zaidi ni Pasaka. Mtu aliyepata kuishi na Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, hapangi mapumziko katikati ya masika, wakati udongo wa mlimani umeshiba maji na mawe yanaporomokea barabarani kati ya Mombo na Soni. Anayepanda Pasaka ni mwenye kwao, anakwenda kusali na ndugu zake, na huyo tope halimshughulishi. Mtafuta mandhari ataamka kila asubuhi autazame ule ukungu alioulipia, na nyuma ya ukungu asione kitu.

Mama alikuwa akianza kupanga safari ya Lushoto mapema sana, na kwanza ilikuwa hesabu ya miezi. Machi hadi Mei haikuguswa. Juni na Julai baridi ya huko, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ilitukuta sisi watoto wa Ilala na mashati ya mikono mifupi. Ikibidi kwenda miezi hiyo, masweta yaliazimwa nyumba hadi nyumba. Desemba ndiyo ilikuwa yenyewe. Shule zimefungwa, vuli imepungua, pichesi na plamu zimeanza kuiva.

Kisha hesabu ya siku. Miaka ile petroli ilikuwa adimu, na Jumapili ikishapita saa nane mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Kwa hiyo hata akipatikana jamaa mwenye Peugeot wa kutusogeza, ilibidi awe amefika kabla ya saa hiyo. Wenye Peugeot walikuwa wachache na walisumbuliwa mno. Sisi mara nyingi tulipanda treni.

Kisha barua. Mjomba wetu hakuwa na sanduku la posta, na sidhani kama kijijini kwake kulikuwa na aliye nalo. Bahasha iliandikwa jina lake, chini yake "kwa mkono wa mwenye duka wa njia panda", halafu Mombo. Basi. Na barua ilifika.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote dada yangu anasema ni ya 1979, mimi nasema 1980. Yeye anashikilia kwamba ndani ya behewa kulikuwa na askari waliorudi kutoka Uganda, wakiimba usiku kucha. Mimi nashikilia kwamba mdogo wetu alikuwa ameshazaliwa, amebebwa mgongoni. Cheti cha kuzaliwa kiko upande wangu, askari wako upande wake. Na iwe mwaka wowote.

Treni ya Moshi iliondoka Dar es Salaam mchana ukiwa umeshageuka, ikafika Ruvu, ikaelekea kaskazini kwa ile reli ya kuunganisha iliyofunguliwa 1963, na alfajiri tukawa tunakaribia Korogwe. Hatukuhitaji kusoma bango la stesheni. Mkonge ulituamsha. Nyuma ya kila kiwanda yalirundikwa makapi mabichi ya majani yaliyokwishakamuliwa nyuzi, na makapi yale yalichacha kwa joto lake yenyewe. Harufu yake ilikuwa kali, uchachu wa siki uliochanganyika na zizi la ng'ombe, na iliingia kwenye nguo na kwenye mkate tuliofunga kwa safari. Mama alifunga dirisha, sisi tukalifungua. Kwa mtoto wa njia ile, harufu hiyo ilimaanisha kwamba ukichungulia upande wa kulia utaona milima imesimama wima, imejifunga mawingu kiunoni. Siku hizi sehemu kubwa ya mashamba yale imegeuka pori au mahindi, basi lina kiyoyozi na vioo havifunguki, na abiria anashuka Mombo hajanusa kitu chochote tangu Mbezi.

Duka lilikuwa hapo barabara ya Lushoto inapochepuka. Mwenyewe alikuwa Mshihiri mzaliwa wa Mombo, mtu wa kikoi na shati jeupe, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alizungumza Kisambaa, Kizigua na Kipare bila kutafuta neno. Ukiingia ulipokewa na mafuta ya taa, kamba za katani, bizari, ugoro na papa mkavu, vyote vikipigania nafasi katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ubao mrefu wenye misumari, na kila msumari ulikuwa na mahali pake: Soni, Vuga, Bumbuli, Gare, Mlalo, Mtae. Barua za kila upande zilitungwa kwenye msumari wake. Mwalimu akipita kwenda Vuga, alipewa za Vuga. Padri akishuka na Land Rover, alirudi na za Gare. Hakutoza senti kwa kazi hiyo, ila ilikuwa utovu wa adabu kuchukua barua bila kununua kitu, hata kiberiti.

Majibu hayakuandikwa. Mjomba alikuwa akishuka siku ya gulio, anasomewa barua palepale dukani, na jibu linabaki kichwani mwa mwenye duka hadi tutakapofika. Mwaka ule tuliingia tumechoka, tumejaa vumbi, naye hata kabla ya mama kukaa kitako akaanza kulitoa.

"Karibu, mwanangu. Kaka yako alikuwa hapa juzi. Wazima wote, ila yule mdogo ana surua, kwa hiyo wewe mwenye kichanga utalala kwa shangazi. Na leo hampandi. Kuna jiwe limelala kona ya juu, wanalivunja."

Tulilala ghalani kwake, juu ya magunia ya maharage. Mkewe alituletea wali na kunde za nazi na chai ya tangawizi. Asubuhi mama alipofungua fundo la kanga kutafuta hela, mzee alikunja uso kabisa, na nilimwogopa. Alisema mgeni wa mjomba ni mgeni wake pia, na kama mama ana deni basi alipe kwa pichesi akishuka. Tuliposhuka tulimshushia tenga zima, limefunikwa majani ya mgomba.

Miaka ya rafu tupu duka halikufungwa. Nakumbuka kuingia humo nikaona chumvi, viberiti na barua, na mzee amekaa nyuma ya mizani kama kawaida, mizani isiyo na cha kupima. Wakati wa msako wa walanguzi, wasakaji walikuja wakapekua hadi chini ya kitanda. Waliondoka na debe moja la mafuta ya taa na daftari la madeni. Misumari hawakuigusa. Lile daftari halikurudi, na kwa jinsi nilivyosikia, wenye madeni walikuja wenyewe mmoja mmoja kumtajia walichokuwa wakidaiwa. Si wote. Lakini walikuja.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, kidogo kuliko kutoka Kariakoo hadi Kibaha, lakini ukizipanda nyuma ya Bedford iliyobeba watu na mbuzi unaziona ndefu. Kona moja baada ya nyingine, mto unanguruma chini kushoto, kisha kulia, masikio yanaziba, na ukikaribia maporomoko ya Soni joto la Mombo limeshabaki huko chini. Nywele za mikono zinasimama. "Onga mshi," watu wa njiani wanakuamkia, na ukishindwa kuitikia wanacheka kwa huruma.

Huko juu hakuna aliyetuambia tumekuja kupumzika. Tulipewa ndoo. Tulichota maji, tulikata majani ya ng'ombe kwenye kingo za matuta, tulichambua maharage. Matuta hayo mjomba alikuwa na simulizi yake. Alipokuwa kijana, Waingereza waliwalazimisha watu wa Mlalo kuyachimba ili kuzuia mmomonyoko. Watu walikasirika, wakakataa, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Miaka ya themanini wakaja wataalamu wa mradi wa Wajerumani na miche ya miti na majani ya guatemala, wakiomba kwa upole kile kile kilichoamriwa zamani kwa vitisho. Mjomba akapanda. Alisema anapanda kwa sababu safari hii ameombwa.

Irente tulikwenda kwa miguu, siku moja tu, na haikuwa ada mtu kulipa ili atazame. Wachunga mbuzi walikuwa wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia. Chini kabisa Mazinde, mkonge umepangwa kwa mistari, reli nyembamba, halafu nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Mama alisimama mbali na ukingo akatuita majina yetu kamili, jina la baba na la babu, jambo alilolifanya akiogopa.

Vijana wasidhani wao ndio waliovumbua kupanda huko kukimbia joto. Wajerumani waliuita mji Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo 1905, safari ya ofisa wa pwani aliyechoka na mbu ikawa nyepesi. Magavana wa Kiingereza nao wakawa na nyumba yao huko. Tofauti ni kwamba wale hawakuhitaji kupatana na mtu yeyote wa mlimani ili wapokewe, na naona tunarudi huko huko, safari hii wenyewe kwa wenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mjomba alifariki. Treni ya abiria ikafa. Ya Moshi ilifufuliwa 2019, lakini hapo katikati kizazi kizima kilikuwa kimekua bila kuijua. Mabasi ya mikoani yakahama Kisutu kwenda Ubungo, kisha Mbezi, na basi la Lushoto likawa linapanda moja kwa moja, Mombo unakula chipsi dakika kumi unaondoka. Simu za mkononi zikaing'oa misumari ile. Mzee wa duka akafa nazo zikiwa ndiyo kwanza zimeanza kushika mtandao huko juu, na baada ya miaka kadhaa ukuta wa duka lake ukapigwa alama nyekundu ya X kupisha barabara. Wanawe wako Tanga na Muscat.

Si kila kilichokuja ni hasara, na sipendi wazee wanaojifanya hawakulala na kunguni. Mtoto wa binamu yangu anaongoza wageni msitu wa Magamba, anajua ndege kwa milio na anaweza kukuonyesha kinyonga ambaye wewe umempita mara mbili. Anakula kwa kazi hiyo. Mkewe alipopata uchungu usiku, ilipigwa simu, gari likaja, akafikishwa hospitali ya Bumbuli akiwa hai. Msumari usingefanya hivyo. Na jibini ya shamba la Irente, pamoja na mkate wao mweusi, ni chakula ambacho hata mama aliyechukia jibini alikisifu.

Lakini nilipokwenda mara ya mwisho, njia ya kwenda kisimani tulikochota maji ilikuwa imezibwa na ukuta wa nyumba ya wageni. Kiwanja kiliuzwa na wanawe mjomba, kwa haki yao. Mlinzi aliniuliza kama nina namba ya malipo. Ndani spika ilikuwa ikipiga muziki wa Sinza, kwa sauti ya Sinza, na mabinti wawili wenye masweta mapya walikuwa wakipokezana kupigwa picha wakitazama bonde, migongo yao ikituelekea sisi tulio nje. Kwenye mabonde ya chini kabichi na karoti zinanyweshwa na kupuliziwa dawa mwaka mzima, na asubuhi hewa ina harufu hiyo. Hakuna tangazo la chumba linaloitaja.

Na kuna hili linaloniuma kuliko ukuta. Zamani hakuna aliyepanda mikono mitupu. Mama alibeba chumvi, dagaa, papa mkavu, na kanga moja ya shangazi. Tulishuka na viazi, maharage na pichesi. Mlima ulitupa, nasi tuliupa. Leo gari linapanda na mabegi na vinywaji vilivyonunuliwa supamaketi ya Dar es Salaam, linashuka na picha. Wanawake wa Soni wanaokaa kando ya barabara na ndoo za plamu wanalitazama likipita, vioo vimefungwa.

Wewe unayepanga kwenda, iache Machi hadi Mei. Desemba na Januari utakuta matunda. Juni na Julai beba sweta la kweli, siyo la picha. Panda mchana, uione barabara. Ukiwa na mtu unayemjua huko, hata wa mbali, mpigie kabla hujalipia chumba, umwulize anahitaji nini kutoka pwani. Na ukishuka, simama Soni ununue viazi, karoti na plamu kwa wale waliolima, kwa bei wanayotaja wao. Mzigo huo huo ukishafika sokoni Dar es Salaam kwa lori la dalali, faida yake si yao tena.