Jioni Juu ya Jiwe la Gangilonga

Huko Japani, katika pwani ya Izu, ipo ncha ya nchi iitwayo Koibito Misaki, yaani Rasi ya Wapenzi. Wenzi husafiri hadi hapo, wakaukabili Mlima Fuji ng'ambo ya ghuba, wakapiga kengele mara tatu huku wakiita jina la wampendaye. Sisi wakazi wa Ipogolo hatuna bahari. Tuna Mto Ruaha Mdogo, na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia yenye malori yasiyolala. Lakini nasi tulikuwa na jina la kuita.

Hatukuwa tumegombana. Tangu tulipomzika kitindamimba wetu mwaka jana, mazungumzo ya nyumbani yalibaki ya unga, ada na mkaa. Jina lake hatukulitaja. Kila mmoja alichelea kumtonesha mwenziwe kidonda.

Jumamosi moja ya mwezi Juni, baada ya swala ya Alasiri, tuliwaacha watoto kwa shangazi yao, tukapanda daladala hadi Iringa mjini, kisha tukaenda kwa miguu hadi Gangilonga. Baridi ilikuwa kali, na upepo ulitusukuma mgongoni.

Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wazee husimulia kuwa Mtwa Mkwawa alipanda hapo kutafakari katika siku za vita na Wajerumani, ambao mwaka 1894 waliiteka ngome yake ya Kalenga. Sisi hatukwenda kuliomba jiwe chochote, kwani jiwe halinufaishi wala halidhuru. Tulikwenda kukaa pamoja.

Mji ulikuwa chini yetu: mapaa ya bati, miti, na moshi wa majiko ya jioni. Tulinyamaza kitambo. Kisha mama akalitaja jina la mwanetu, na baba akalirudia. Tukalia, tukamwombea dua. Tukakumbuka alivyokuwa akiyahesabu malori barabarani na kukosea kila afikapo kumi na moja, tukajikuta tunacheka.

Mtume (s.a.w.), pamoja na mzigo wote wa umma, akiwa safarini aliwaambia maswahaba watangulie ili ashindane mbio na Bi Aisha (r.a.). Ikiwa yeye alipata wasaa kwa ajili ya mkewe, udhuru wetu ni upi?

Ndugu msomaji, matembezi haya yalitugharimu nauli na karanga za kutafuna. Nawe ukienda, nenda na mwenzi wako wa halali, uvae nguo nzito, na ushuke kabla ya giza, kwani jiwe huteleza likilowa. Sisi tulishuka adhana ya Magharibi ikisikika, tukaswali mjini, kisha tukarudi Ipogolo tukizungumza njia nzima.