Usiruke Kutoka kwa Pipa



Fungua 1 Wafalme 17 uisome leo.

Huku Matinyani maji hayachezewi. Mwenye bwawa la samaki husubiri mvua ikaribie ndipo alisafishe, kwa maana akiyamwaga maji wakati wa kiangazi, atayatoa wapi mengine? Lakini kusafisha lazima. Kinyesi na mabaki ya chakula huoza chini, hula hewa iliyo majini na kuyatia sumu. Tilapia akiachwa humo atakufa polepole.

Basi huhamishwa. Mfugaji anayejua kazi hawalishi siku moja kabla, maana samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji haraka. Alfajiri, jua halijawa kali, anajaza mapipa maji yale yale ya bwawani. Anawavua taratibu na kuwagawa wasibanane. Kisha anafunika pipa kwa wavu, kwa sababu tilapia akishtuka huruka, na nje ya pipa ni mchanga tu. Kila mara anachota maji na kuyamimina tena kutoka juu ili hewa iingie.

Mpendwa, samaki hajui hayo yote. Anachojua ni kwamba jana alikuwa na nafasi, na leo amebanwa.

Labda uko kwenye pipa mwezi huu. Kazi ya Nairobi iliisha, umerudi kwa mama na watoto watatu, mnalala chumba kimoja. Sisemi Mungu ndiye aliyekufuta kazi. Mabwawa mengine huchafuliwa na watu. Nasema hajakusahau hapo ulipo. Kijito cha Kerithi kilipokauka, Eliya alitumwa Sarepta, kwa mjane aliyebakiwa na unga wa mlo mmoja. Nabii mzima, kulishwa na mjane maskini! Lakini unga ule haukuisha. Wala hakukaa Sarepta milele: mwaka wa tatu Bwana alimtuma kwa Ahabu, na mvua ikanyesha.

Hatari ya pipa ni kuruka. Kukopa kwa simu ili ulipe mkopo mwingine. Kubeti na pesa ya karo. Kuolewa haraka ili tu upate pa kulala. Usiruke, mpendwa. Nje ni mchanga.

Na wewe ambaye bwawa lako bado ni safi, usimchungulie ndugu yako kila siku ukimuuliza atatoka lini. Mmiminie hewa. Kilo mbili za ndengu mlangoni pake zitamhubiria kuliko maneno yangu.

Jambo la mwisho. Mfugaji hawamwagi samaki ghafla kwenye maji mapya. Huyaongeza kidogo kidogo ndani ya pipa, robo saa, nusu saa, mpaka joto lilingane, ndipo awaachilie. Kwa hivyo ukipata kibarua cha siku mbili, usikidharau. Huenda ndiyo maji mapya yameanza kuingia.

Tuombe. Baba, mkumbuke aliye mahali pembamba leo. Mpe pumzi ya kumfikisha jioni, umzuie asiruke, na siku yake ikifika, umrudishe kwenye maji mengi. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha mpigie simu mtu mmoja unayejua yuko kwenye pipa.