Mshipi Katika Mto Tana



Majirani zetu walicheka walipotuona tukifunga mishipi na ndoana katika mizigo ya safari ya Garissa. Walituuliza kama tunakwenda kuvua ngamia. Hatukuwalaumu. Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba samaki ni mali ya bahari, na kwamba Kaskazini Mashariki ni nchi ya mifugo, vumbi na jua la kupasua mawe. Ni kweli kwamba Garissa ina soko la mifugo lenye sifa Afrika Mashariki nzima. Lakini mji wenyewe umekaa ukingoni mwa Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, na mto huo una samaki.

Tulikuwa na sababu mbili za kwenda. Ya kwanza ni nyepesi. Binti yetu ameolewa huko, na mwanawe wa miaka tisa alikuwa ametuomba, kwa simu, kila Ijumaa, tumfunze kuvua kama tulivyofunzwa sisi na wazee wetu. Ya pili ni nzito. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika nchi ile, na wakwe zetu, ambao utajiri wao ulikuwa ng'ombe, walibakiwa na wachache wa kuhesabika kwa vidole. Nyumba iliyokuwa ikikama asubuhi na jioni ikawa inanunua maziwa kwa kikombe. Binti yetu alitwambia kwamba siku nyingine watoto hula wali mkavu, na mto unapita nyuma ya mashamba ya miembe, mwendo wa robo saa kutoka mlangoni. Tulipomuuliza kwa nini hapiki samaki, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, nyumba hii haipiki samaki."

Tulipita Malindi, Garsen, Hola na Bura. Atakayeifuata njia hiyo atatambua kwamba anasafiri kinyume cha maji. Mto Tana humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, na njia yote ile mto hauko mbali nawe, hata kama huuoni. Utaujua kwa mstari wa miti ya kijani katikati ya vichaka vilivyokauka. Ukifika Madogo, unavuka daraja, na upande wa pili ndio Garissa.

Inafaa tujue maji yale yanatoka wapi. Yanaanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, kwenye vijito vya baridi ambavyo mtu hawezi kutia mguu kwa muda mrefu. Huko juu kuna samaki aitwaye trauti, ambaye si mwenyeji. Mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, aliwaleta kutoka Uskoti mwaka 1905 na kuwatia katika Mto Gura, ili wazungu wapate mchezo waliouzoea kwao. Mpaka leo wako watu wanaowavua kwa ndoana zilizofungwa manyoya mfano wa mdudu. Kisha maji hayo hushuka, yakazuiwa na mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na yanapofika Garissa yamekuwa vuguvugu na mekundu kwa udongo. Trauti hawezi kuishi humo. Mwenye maji hayo ni kambare, na pamoja naye perege, ambaye wengine humwita ngege au tilapia. Mola ameligawa kila ziwa na kila mto kwa viumbe vyake, na kila kiumbe amekijaalia pumzi inayofaa mahali pake.

Tulitafuta mwenye mtumbwi. Watu wa kuulizwa ni Wamalakote na Wamunyoyaya, Waislamu wenzetu ambao tangu zamani wamelima na kuvua kandokando ya mto huu. Tulielekezwa kwa mzee mmoja wao. Alitutazama, akamtazama mjukuu wetu, akamtazama mama watoto na binti yetu waliokuwa nyuma yetu, akauliza, "Shekhe, wote hawa wanajua kuogelea?" Tulimjibu kwamba nusu yao hawajui. Akasema, "Basi leo hatuendi. Kesho njooni na majaketi ya kuelea, nami nitawapeleka penye maji ya polepole." Tulikuwa tumesafiri siku nzima, na pesa tulikuwa tumekwisha kuzishika mkononi. Yeye alikuwa na haja nazo, na bado alizikataa. Tangu siku hiyo tumeamini kwamba kipimo cha nahodha mwaminifu ni safari anazozikataa.

Kesho yake tulikutana baada ya sala ya Alfajiri, jua halijawa kali. Tutaeleza aliyotufunza, kwa kuwa huenda familia nyingine ikapenda kwenda.

Kwanza, angalia mto, usiangalie mbingu. Mbingu ya Garissa yaweza kuwa kavu kabisa na mto ukajaa, kwa sababu mvua imenyesha milimani, mbali sana. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Aprili 2024 yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na watu walipoteza maisha wakivuka kwa mashua. Maji yakiwa yanapanda, yakibeba magogo na povu, rudi nyumbani. Anayeanza na aende katika miezi ya kiangazi, mto ukiwa chini.

Pili, usitawadhe ukingoni. Jambo hili liliturudisha nyuma, kwani tulikuwa tumekwisha kunja mikono ya kanzu. Mzee alitushika bega, akatuonyesha gogo upande wa pili wa maji. Lilikuwa mamba. Mamba humngojea anayeinama mahali pale pale kila siku, na wachota maji wengi wamedhurika hivyo. Chukua maji ya udhu katika dumu kutoka nyumbani. Vilevile usikae kati ya kiboko na maji, wala usitie mkono nje ya mtumbwi.

Tatu, neno kwa mama zetu na dada zetu. Sitara haizuii mwanamke kupanda mtumbwi, lakini buibui refu likilowa huwa zito kama mzigo wa mchanga. Wavae nguo ya heshima isiyoburuta, wajifunge mtandio vizuri, na jaketi la kuelea livaliwe juu ya vyote, lisifichwe ndani. Na aulizwe afisa wa uvuvi wa kaunti kuhusu kibali kabla ya kutia ndoana majini.

Vifaa vya mwanzo ni vichache: mshipi, ndoana, chubwi ndogo ya kuzamisha, na chambo. Kambare hula chini kwenye tope, na hupenda chambo chenye harufu, kama utumbo wa kuku. Perege humtosha kinyunya cha unga wa ngano. Mjukuu wetu alitia mshipi na kuuvuta kila baada ya pumzi mbili, kuangalia kama samaki ameshikwa. Tulimwambia, "Mwanangu, samaki hamjui mwenye haraka." Hakusikia. Wa kwanza kupata alikuwa mama watoto. Kwao ni visiwani, na utotoni alikuwa akiingia maji yakipwa, pamoja na nyanya zake, wakitanda dagaa kwa nguo. Alikaa kimya, mshipi juu ya kidole kimoja, akauvuta mara moja tu, na perege wa ukubwa wa kiganja akaanguka katika mtumbwi. Sisi tulikuwa bado tunafungua fundo.

Kijana naye alipata, karibu na saa tatu. Alikuwa kambare, mrefu kama mkono wake, na mshipi ulimkata kidole. Alilia na kucheka kwa pamoja. Mzee alimwonyesha namna ya kumshika nyuma ya kichwa, akiepuka miiba ya mapezi, kisha akamkatia uhai kwa kisu papo hapo. Kambare hupumua hewa, aweza kukaa nje ya maji muda mrefu akitaabika. Samaki hana sharti la kuchinjwa, lakini wanavyuoni wa madhhab yetu ya Shafi wamependekeza kwamba samaki mkubwa anayekawia kufa apumzishwe. Tulimweleza mtoto, naye akauliza, "Babu, hata samaki anaonewa huruma?" Tukamwambia ndiyo, hata samaki.

Tulirudi na perege wanne na kambare mmoja, na hapo ndipo safari yetu ilipoanza kwa kweli.

Mama mkwe wa binti yetu alikuwa ameketi kivulini. Mtoto alimkimbilia akipiga kelele, "Ayeeyo! Ayeeyo!" na kumwinulia kambare usoni. Yule bibi aligeuza uso na kufunika pua kwa ncha ya mtandio. Akasema maneno kwa Kisomali, na binti yetu akainamisha macho kabla ya kututafsiria: "Anasema, katika nyumba hii tumepoteza ng'ombe, hatujapoteza heshima."

Wasomaji wasiharakishe kumhukumu. Kwa wafugaji wengi wa zamani, kula samaki kulikuwa dalili ya mtu asiye na mnyama hata mmoja. Kitoweo kile kwake kilikuwa tangazo la msiba, mbele ya majirani. Mtoto alibaki amesimama na samaki wake, midomo ikimtetemeka, hajui amekosa nini.

Sisi, kwa mazoea ya mwalimu wa madrasa, tulianza kutoa darasa. Tukataja kwamba Qur'ani imetuhalalishia mawindo ya majini, mkaazi na msafiri. Tukataja kwamba kwa madhhab yetu magamba si sharti, kwa hiyo kambare ni halali kama changu. Tulikuwa tunaendelea vizuri, na bibi alikuwa akitusikiliza kwa adabu. Kisha akamwita mjukuu mwingine, akanong'ona naye. Kikaletwa kikombe cha maziwa ya ngamia, yaliyochachuka, yenye harufu nzito ya moshi wa chombo chake. Akatuwekea mbele.

Siku mbili tulikuwa tukiyakwepa maziwa yale. Tulisema tumeshiba, tulisema tumbo, tulisema tumefunga. Bibi alikuwa ameona yote. Na tuseme ukweli zaidi: kambare mwenyewe hatujawahi kumla. Pwani tunamwita samaki wa tope, na laiti mke wetu angempika nyumbani, tungeomba chai na mkate. Tulikuwa tunamhubiria mwenzetu kitoweo ambacho sisi wenyewe hatukitaki.

Hapo tulikumbuka kisa cha kenge wa jangwani aliyeandaliwa mbele ya Mtume wetu (S.A.W.). Hakumla, na alipoulizwa kama ni haramu, alieleza kwamba si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid bin Walid (R.A.) akamla hapo hapo, wala hakukatazwa. Ndani ya kisa hicho mna haki mbili. Nafsi ina ruhusa ya kutokipenda kilicho halali, na haina ruhusa ya kumharamishia mwingine. Darasa letu lilikuwa limeitaja haki ya pili na kuisahau ya kwanza.

Tulimwambia bibi, binti yetu akitafsiri, kwamba tumekosea. Kwamba halazimiki kula, wala nyumba yake haikupungukiwa heshima, maana aliyenyang'anywa na ukame hakunyang'anywa na uvivu. Kisha tukasema Bismillahi na kunywa maziwa yake mpaka chini. Hatutasema yalikuwa matamu. Tulikunywa, na tulipoteremsha kikombe, bibi alikuwa akicheka kimyakimya nyuma ya mtandio.

Alikaa kidogo. Akamtazama mtoto, ambaye kidole chake kilikuwa bado kinatoka damu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na sufuria kuukuu lenye mpini mmoja, akampa binti yetu. Alisema, "Hili liwe la samaki. La maziwa msiliguse. Na mpikie nyuma ya nyumba."

Binti yetu alipika kambare kwa limau, kitunguu na tui la nazi tulizotoka nazo pwani. Tulimla kwa mara ya kwanza katika miaka yetu zaidi ya hamsini, na tunashuhudia kwamba nyama yake ni nyeupe na ina mafuta mazuri. Watoto watano walikula mpaka wakalala juu ya mkeka. Bibi hakula, wala hakuombwa. Lakini mjukuu wetu aliposinzia, tulimwona akimfunga kidole kwa kitambaa safi, akimuuliza jambo kwa sauti ya chini. Asubuhi tulimuuliza binti yetu ni nini bibi alichouliza. Alisema, "Aliuliza kama kesho wataenda tena, na ni nani atakayewaangalia wasikaribie mamba."

Tumeacha mishipi yote Garissa, na malipo ya safari sita kwa yule mzee wa mtumbwi, kwa sharti lake mwenyewe, kwamba mto ukipanda hakuna safari. Tunawaombea wakwe zetu mvua yenye kheri, na mifugo irudi zizini. Na mpaka irudi, tunamshukuru Mola aliyepitisha riziki nyuma ya nyumba yao.

Wabillahi tawfiq.