Mngurumo Nilioununua

Nilipoipata Toyota Celica yangu kuukuu ya milango miwili, moyo haukutulia mpaka ingurume. Hapa Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi, mngurumo haukosi muuzaji. Nikachagua bomba la moshi pana kupita kiasi, lisilo na kizuia sauti, tena fupi, likomalo chini ya sakafu. Bei ilikuwa nafuu, na watoto wa mtaa wakanishangilia.

Siku ya tatu tukaupanda mlima wa Bugarama. Gari likawa zito. Bomba pana mno huipunguzia injini ndogo nguvu inapozunguka polepole. Hilo nililivumilia. Lakini binti yetu, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma, aliamka akilia kichwa, kisha akatapika.

"Baba watoto, simamisha! Fungua milango!" mke wangu alipaza sauti.

Tuliporudi, fundi mmoja mzee alijilaza chini ya gari. Aliponyanyuka akaniuliza, "Mwanangu, moshi huu ulitaka uende wapi?" Akanionyesha tundu la kutu sakafuni na masizi meusi penye kiungo kilichovuja. Ndani ya moshi huo mna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Nimefunga bomba lenye upana wa kiasi na kizuia sauti, linalotokeza nyuma ya bampa. Sakafu imechomelewa. Watoto wa mtaa hawanishangilii tena. Binti yangu angali hupenda kulala safarini, nami kila kilomita chache humwita jina lake.