Chumba cha Nyuma

Leo nataka kuungama mbele yenu kosa langu la nyumbani, ili nanyi msije mkalitenda.

Mama yangu alipokuja kukaa kwetu Bukavu, tulimpa chumba cha nyuma. Huku kwetu nyumba zimepandana mlimani, na dirisha la chumba kile latazama ukuta wa jirani, hatua moja tu mbali. Nami nilikuwa nimekwisha kupaka rangi nyumba yote: chumba cha wageni rangi nyepesi ya kupendeza, chumba cha nyuma rangi ya mafuta, kijani kizito. Nilijisemea: «Kule hakuna mgeni aingiaye, tena kijani huficha uchafu.» Nilidhani nimetumia akili.

Siku moja, saa tisa mchana, nilimkuta mama ameketi mlangoni, kitabu chake cha sala magotini. Nikamwuliza: «Mama, mbona wakaa penye baridi?» Akanijibu kwa upole: «Mwanangu, chumba ulichonipa ni kizuri. Ila humo ndani usiku huingia mapema.»

Neno lile lilinichoma moyo. Wageni wakaao saa moja niliwapa mwanga. Aliyenizaa nilimpa giza.

Basi, nikaanza kuchunguza. Ukuta mweupe safi hurudisha sehemu 80 hivi kati ya 100 za mwanga unaoupiga. Kijani kizito hakirudishi hata 20. Tena mwanga uliorudishwa na ukuta mmoja huupiga wa pili, na wa tatu. Hivyo kuta nyepesi hufanya kazi kama dirisha jingine, na kuta nzito huumeza hata ule mwanga mdogo ulioingia. Tena jicho la mtu wa miaka 60 hupokea theluthi hivi tu ya mwanga upokewao na jicho la kijana wa miaka 20. Kumbe mimi nilikihukumu chumba kile kwa macho yangu, si kwa macho ya mama!

Tukafanya kazi, mimi na mwanangu mkubwa. Kwanza tulikwangua rangi ya mafuta, kwa maana chokaa haishiki juu yake. Tuliilowesha maji ili tusivute vumbi, kwa sababu rangi nyingine za zamani zina risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kisha tukapaka mabaka matatu ukutani, tukayatazama asubuhi, mchana na jioni. Jeupe tupu lilionekana kama majivu katika kivuli kile. La manjano kali liligeuka kama tope. La tatu, chokaa iliyotiwa udongo wa manjano kidogo tu, lilipata rangi ya maziwa, nalo lilibaki na uchangamfu hata jioni. Tukachagua hilo kwa kuta, na dari tukaipaka nyeupe kabisa.

Chokaa ni ya bei nafuu, nayo huuacha ukuta upumue, kuvu haliipendi. Nyakati za mvua, ambazo kwetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, hiyo ni faida kubwa. Lakini jihadharini: huunguza ngozi na macho. Watoto wasiichezee.

Chumba hakikuwa jua. Dirisha ni lile lile, na jirani hakubomoa ukuta wake. Lakini juma lililofuata, saa tisa mchana, nilimkuta mama ameketi kitandani, kitabu mkononi, mlango umefungwa. Hakuniambia neno; alifunua ukurasa, akaendelea kusali.

Ndugu zangu, kabla ya kununua kopo jingine kwa ajili ya chumba cha wageni, ingieni kwanza katika chumba cha nyuma. Fungeni mlango, mketi humo kitambo, mkijiuliza ni nani mliyempa akae humo.