Nyumba Mpya ya Shamba na Wenyeji Wake

Sisi watu wa mjini tunapojenga shamba huhesabu mawe, saruji, mabati na ujira wa mafundi, tukadhani hesabu imekwisha. Wale tuliowakuta hapo hatuwahesabu. Nao ni wengi, ndugu msomaji: wako chini ya ardhi, juu ya miti, na ndani ya kila chombo chenye maji yaliyotuama. Nyumba yetu iko kati ya kisiwa cha Unguja, na rangi ya kuta ilikuwa haijaisha harufu wenyeji hao walipoanza kutudai haki yao.

Kijana wangu, kwa haraka ya vijana, alikwenda dukani akarudi na dawa ya shamba iliyotiwa ndani ya chupa ya soda, haina jina wala maelezo. Akasema, "Baba, muuzaji amesema hii huua kila kitu." Mdogo wake wa miaka minne alikwisha kunyosha mkono akidhani ameletewa kinywaji. Mama yao aliiwahi chupa ile, na mimi nikabaki nikilifikiri neno la muuzaji. Dawa inayoua kila kitu haibagui baina ya mende na mtoto. Na muuzaji anayetia sumu katika chupa ya soda, hata akiwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, anawafanyia watu hiana.

Sheria yetu katika jambo hili ni ya kupambanua. Panya na nge wamo katika wale ambao Mtume (s.a.w.) ameruhusu wauawe, kwa madhara yao. Ama chungu, yamepokewa makatazo ya kumwua, na wanavyuoni wakaeleza kuwa mwenye kuudhi huondoshwa kwa njia iliyo nyepesi kwanza. Bukhari na Muslim wamepokea habari za Nabii mmoja aliyeumwa na chungu akaamrisha kijiji chao chote kichomwe moto, naye akalaumiwa na Mola wake kwa kuangamiza umma mzima kwa kosa la mmoja. Kwa hiyo jirani yetu mmoja aliponishauri nimwage mafuta ya taa na kuwasha, nilimshukuru kwa adabu na kibiriti nikakiacha mfukoni.

Shauri lake lilikuwa juu ya majimoto, wale chungu wekundu waliojaa katika mwembe ulio karibu na dirisha letu. Binti yangu alikuwa haanui nguo ila arudi analia. Lakini majimoto katika shamba la minazi ni walinzi. Yuko mdudu mfyonzaji anayedunga vidaka vya nazi vikapukutika kabla ya kukomaa, na majimoto humwinda. Habari hizi zilichunguzwa papa hapa Unguja katika miaka ya 1950 na mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, na mdudu yule mharibifu akaitwa kwa jina lake katika vitabu vya elimu: Pseudotheraptus wayi. Lau tungaliupiga mwembe na minazi kwa dawa, tungaliwaua askari na kumwachia mwizi mlango wazi. Majimoto hukaa mtini, katika majani wanayoyashona kwa hariri ya watoto wao, na nyumbani hupitia tawi au kamba. Tulikata matawi yaliyogusa ukuta, kamba ya nguo tukaihamishia nyuma ya jiko, na kilio kikaisha.

Mchwa ni shauri jingine, na kwao sikuwa na huruma. Walitokea katika mwimo wa mlango wa chumba cha watoto, kwa ujia mwembamba wa udongo uliopanda ukutani kutoka sakafuni. Mchwa ni mwili laini. Jua na upepo humkausha, kwa hiyo hujijengea njia iliyofunikwa. Ukiibomoa leo na kesho ukaikuta imezibwa, jua kwamba wamo kazini. Basi kupaka dawa juu ya mwimo peke yake ni kumpiga mkia nyoka. Tulichimba kando ya msingi, tukakuta vipande vya mbao za kukingia zege ambavyo fundi alivifukia badala ya kuvitoa. Karamu iliyoandaliwa tayari. Tena maji ya chooni yalikuwa yakimwagika pale pale, yakawapa mchwa na kinywaji.

Vipande vikatolewa vyote, mfereji ukapelekwa mbali, tita la kuni likaondolewa ukutani, na udongo ukashushwa hata shubiri moja ya msingi ikaonekana pande zote. Faida ya shubiri hiyo ni kwamba mchwa hawezi kupanda kwa siri. Kila Ijumaa asubuhi mtu mmoja huizunguka nyumba, na ujia ukionekana hubomolewa na chanzo chake kutafutwa. Dawa ya kumwaga katika msingi tuliiacha, kwani kisima kiko karibu. Dieldrin, iliyokuwa maarufu zamani kwa kazi hiyo, hukaa katika ardhi miaka mingi na huingia katika mafuta ya miili ya watu na wanyama. Imo katika orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Mwenye kujenga sasa na asimamie mwenyewe siku msingi unapofukiwa, wala asiridhike na kuambiwa kwamba pako safi.

Mbu tuliwakuta katika pipa la maji ya ujenzi lililosahauliwa, limejaa viluwiluwi. Katika joto letu yai huwa mbu kwa muda wa juma moja au mawili, kwa hiyo chombo kinachomwagwa na kusuguliwa kila juma hakitoi mbu. Lakini wale wa usiku walizidi, nami nikakumbuka habari ya Makunduchi. Mwaka 1988 wataalamu walimimina punje nyepesi za polistirini, zile nyeupe zinazoelea, katika vyoo vya shimo vyenye maji. Punje zilitanda juu ya maji. Mbu akakosa pa kutaga, na viluwiluwi vikakosa pumzi. Wakazi walipewa na dawa ya matende, na mbu wakapungua mno.

Shimo letu limefunikwa kwa zege, ila bomba lake la hewa lilikuwa wazi juu. Tulilifunga kwa wavu wa dirisha. Chandarua tunakitumia bado, lakini baada ya Isha sasa twaweza kukaa barazani, na jirani yule wa mafuta ya taa amekuja kuomba kipande cha wavu kilichobaki.