Nusu Kidonge

Kisumu mtu akinona, watu humshukuru Mungu kwa niaba yake. Wanasema maisha yamemkubali. Akikonda, wanashusha sauti. Sisi tuliokulia kando ya ziwa hili tunajua sauti hiyo inasema nini. Wazee watataja chira, ule ugonjwa wa kukondesha unaomfuata aliyevunja mwiko. Wengine watafikiria virusi, kwa sababu Nyanza imezika watu wengi sana kwa ukimwi na ni boma gani halikumbuki? Ndiyo maana mwaka niliougua zaidi ndio mwaka niliosifiwa zaidi.

Nina lupasi. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka kumshambulia mwenye mwili. Kwangu ilianza na viungo, kisha ikaenda kwa figo. Daktari akanianzishia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 40 kwa siku. Yaani vidonge vinane vya miligramu 5, kila asubuhi baada ya uji. Siwezi kuzisema vibaya dawa hizi. Zilinitoa kitandani ndani ya wiki moja. Lakini pia zilinijaza mashavu mpaka uso ukawa duara, tumbo likatangulia, usingizi ukapotea. Kondele, mama anayeniuzia omena alinipigia makofi: "Sasa umekuwa mtu!" Rafiki mmoja alinivuta kando akaniuliza natumia nini, ili na yeye atafute. Hakuwa anatania. Wako watu wanaomeza steroidi kichinichini ili wanenepe, na anayewauzia hawaambii kwamba kuanza ni rahisi, kuacha ndiko kuna kazi.

Kazi yenyewe iko hivi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizo hutengeneza kotisoli, homoni inayokuamsha asubuhi, inayoshikilia presha ya damu isianguke, na inayokubeba mwili ukipatwa na homa au jeraha. Prednisoloni hufanya kazi kama homoni hiyo. Ukiimeza kwa miezi mingi, ubongo unaona kuna kotisoli ya kutosha, unaacha kuagiza nyingine, na tezi zinalala. Mwili mzima hutengeneza kwa siku kiasi kinachokaribia nguvu ya miligramu 5 za prednisoloni. Kwa hivyo kutoka 40 hadi 10 nilikuwa napunguza ziada. Kutoka hapo kushuka, nilianza kudai tezi zirudi kazini. Ukikata ghafla kabla hazijaamka, presha inaweza kushuka, ukatapika, ukazirai, hata ukafa. Ndiyo maana daktari anakushusha polepole mpaka unachoka na hesabu.

Duka la dawa ninalonunua lina vidonge vya miligramu 5 peke yake, kwa hivyo nilinunua wembe. Miligramu 7.5 ni kidonge kimoja na nusu. Kisha ratiba yangu ikawa 7.5 leo, 5 kesho, hivyo hivyo wiki nne. Halafu 5 kila siku. Ratiba hii ni yangu na daktari wangu. Yako, kama unayo, iulize kwa wako.

Kila nikishuka, siku tatu za kwanza huwa hakuna kitu. Ya nne, naamka kama mtu aliyebeba magunia Kibuye usiku kucha. Magoti yanauma, mapaja yanauma, chakula kinanuka vibaya, hata samaki. Nikisimama haraka, ukuta unasogea. Lakini la kuogopesha zaidi ni huzuni isiyo na sababu. Nakaa na kazi ya watu kwenye kompyuta, aya moja saa tatu, machozi yanatoka na sina ninacholilia. Ukiwa hujui, utasema wewe ni mvivu ama umerogwa.

Shida ni kwamba Kisumu ina washukiwa watatu wa siku kama hiyo. Wa kwanza ni mwili unaodai dawa iliyopunguzwa. Wa pili ni lupasi yenyewe inarudi. Wa tatu ni malaria, maana huku kwetu ziwani mbu hawana likizo. Wote watatu wanaleta uchovu na maumivu ya viungo. Na kila mmoja anataka jibu tofauti: wa kwanza kwa kawaida unamvumilia, wa pili unamkimbizia daktari, wa tatu unapima leo hii.

Kwa hivyo nina daftari la shule, kurasa 48. Naandika dozi, nilivyoamka, joto la mwili, na kama kiungo kimevimba au kinauma tu. Nimejifunza kwamba maumivu ya kushuka dozi yanaenea mwilini kote na hulegea baada ya wiki moja au mbili. Lupasi yangu ina adabu zake: inavimbisha vidole, na mkojo unatoa povu. Homa sitaki kuikisia. Nikiiona, naenda maabara.

Dana, nyanya yangu, anaishi kisiwani Rusinga, si mbali na kaburi la Tom Mboya. Nilipomtembelea nikiwa kwenye miligramu 5, mashavu yalikuwa yameisha. Alinitazama kutoka mlangoni mpaka kitini. "Nyakwara, nani amekufanyia hivi?" Nikamwambia ni dawa inatoka, uso huu ndio wangu wa kweli. Hakuamini. Alimwambia jirani nina vidonda vya tumbo, ili asiseme lingine.

Usiku huo nilimfikiria Mboya. Mwaka 1960 alienda Hyannis Port, Marekani, kumwona John F. Kennedy atafute pesa za kuwasafirisha kwa ndege wanafunzi wa Afrika Mashariki, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Yule aliyeketi naye alikuwa na ugonjwa wa Addison, uliogunduliwa mwaka 1947 akiwa London: tezi zake za juu ya figo zilishindwa, akaishi kwa steroidi. Mwaka ule ule wa 1960 watu wa kampeni yake walikana kwamba ana ugonjwa huo. Nilicheka gizani. Kumbe hata tajiri wa Boston alikuwa na vidonda vyake vya tumbo vya kumwambia jirani.

Asubuhi nilimketisha Dana nikamwonyesha karatasi ninayoiweka nyuma ya simu. Imeandikwa jina langu, dawa yangu, na maneno ya daktari: nikipata homa, nirudishe dozi mara mbili na nifike hospitalini, nikitapika dawa isikae tumboni, nidungwe sindano ya haidrokotisoni haraka. Nilimsomea kwa Dholuo, mstari kwa mstari. Akauliza jambo moja tu: "Na ukilala usiamke, anayekukuta anajua kusoma hii?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuuliza kliniki. Mvua za masika zilipofika, homa ilinipiga usiku, baridi ya kutetemesha kitanda. Mwenzangu wa nyumba alijua karatasi iko wapi, kwa sababu baada ya Rusinga nilikuwa nimemsomea pia. Tulipanda boda, mimi katikati. Kipimo kikaonyesha malaria. Nilimwambia tabibu kabla hajaniuliza chochote: niko kwenye steroidi, naishusha, usinipe dawa ya malaria peke yake ukaniachilia. Dozi ikapandishwa siku chache, kisha tukarudi 5.

Sasa niko 5 leo, 2.5 kesho. Nimekonda, na Kondele wananishushia sauti. Mama wa omena alinyamaza wiki mbili, halafu juzi akaongeza kiganja kizima kwenye mfuko na kusema, bila kunitazama, "Kula, mwanangu." Nilimweleza ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho, wateja wakingoja. Kisha akauliza kama dawa hiyo ni ile ambayo binti ya dada yake ananunua ili anenepe.

Nikamwomba namba ya huyo binti.